Kompyuta Iliyoonjwa Kwanza

Jumatatu, 4 Julai 1994. Koboko.

Mimi Sule Yugu. Umri sitini na tisa, labda sabini. Mama alihesabu kwa njaa, si kwa kalenda. Njaa hizo zote zimepita, mimi niko. Wazungu wamepita. Marais wamepita. Risasi zimepita, moja karibu na sikio. Ukimbizi wa Zaire umepita, na wa Sudan. Nimezika wake wawili. Mwaka jana nimezika jino langu la mwisho la mbele. Mimi bado niko.

Kuandika nilijifunza jeshini, nikiwa sajenti wa ghala. Mwalimu wangu alikuwa kiboko. Ndiyo maana herufi zangu zinasimama wima.

Leo habari kubwa! Watu wa mradi wa Arua wanaupa ushirika wetu wa asali kompyuta. Bure! Kompyuta iko aina mbili. Jumamosi sisi kamati tunakwenda kuziona na kuchagua moja. Angelo, bwana wa mradi, alikuja mwenyewe kueleza. Alisema aina hizi mbili hazisikilizani. Kazi ya hii, ile haisomi. Nikasema nimeelewa, ni mke mkubwa na mke mdogo, kila mmoja na jiko lake. Wazee wakacheka vizuri. Angelo akasema ndiyo, na mutu aliyezoea jiko moja atapotea katika lingine. Na yule anayejua mashine tutakayochagua ndiye atapata kiti cha sekretari. Mradi hauna nafasi ya kufundisha mutu upya.

Nikasimama. Mimi ni mwenyekiti. Nikasema sekretari tunaye: binti yangu Mariam Poni, anasomea kompyuta Arua mwaka huu wote, analala kwa shangazi yake huko Ombaci. Makofi! Hapo ningeketi. Sikuketi. Nikasema mwanzo wa elimu hiyo nilimpa mimi, nyumbani, kwa kidole hiki.

Dumo akauliza: kwa kompyuta gani, shemeji, ile ya kusagia simsim?

Nyumba nzima ilicheka. Dumo ni kaka ya marehemu mama wa Poni. Tangu nilipomwoa dada yake, mutu huyu ananitafutia aibu kama kuku anatafuta mchwa.

Sasa niko nyumbani na shida. Sijui Poni anajua aina gani. Na siwezi kumwuliza tena. Mwalimu anamwulizaje mwanafunzi wake kwamba nilikufundisha nini?

Jumatano, 6 Julai.

Nimepata njia. Akili ya jeshi haiozi. Hajara, mwuza samaki, anakwenda Arua leo. Nimemtuma kwa Poni. Amwulize kama ni yeye Hajara anataka kujua: mashine yako inaitwaje? Asitaje jina langu hata kidogo. Hajara akauliza, mwuza samaki ana haja gani na kompyuta? Nikamwambia anyamaze, hii ni siri ya kamati.

Jioni mwuza chumvi wa sokoni aliniuliza kama jibu la siri limefika.

Kwa sasa ninatayarisha nyumba. Ofisi ya ushirika inavuja, kwa hiyo mchana kompyuta itafanya kazi ofisini, jioni italala kwangu. Nimeondoa kitanda cha wageni, nimeweka meza. Kijijini hakuna mwenye kitu kama hiki nyumbani. Dumo ana redio tu, na inaongea Kifaransa peke yake.

Ijumaa, 8 Julai.

Hajara amerudi. Jibu liko! Poni alicheka, akasema: mwambie baba, ni ile ya madirisha.

Mwambie baba! Hajara anaapa hakunitaja. Basi mtoto alijua tu. Nilisikia masikio yanawaka. Lakini jibu ni jibu. Ile ya madirisha. Nimelirudia njia nzima ya kwenda msikitini. Katika swala pia, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 9 Julai. Arua.

Tulisafiri juu ya lori la tumbaku. Dumo alikalia upande mzuri.

Chumba cha mradi. Mashine ya kwanza iko pembeni, nyuma ya mlango, mahali pa giza. Ya pili iko juu ya meza chini ya madirisha mawili makubwa, jua linaipiga usoni. Madirisha! Sikusema kitu. Nilikunja mikono nyuma tu. Siri ni silaha.

Hata hivyo nikakagua zote mbili, wasiseme nimependelea. Angelo akawasha ile ya pembeni. Uso mweusi. Alama ndogo nyeupe inawaka, inazima, kama mlinzi anayesinzia. Nikauliza inangoja nini. Angelo akasema inangoja amri.

Amri! Hiyo ndiyo lugha yangu. Nikamsogeza Angelo, nikatafuta herufi moja moja, nikaandika SIMAMA. Nikabonyeza alipoonyesha. Mashine ikajibu kwa Kiingereza. Angelo akakohoa. Nikataka kujua imesema nini. Akasema si kitu, mzee. Dumo akamlazimisha. Basi akasema: inasema amri mbaya.

Amri mbaya! Kwa mimi! Nimetoa amri jeshini miaka kumi na tisa, hakuna askari aliyethubutu kunijibu amri mbaya. Walitoroka, ndiyo. Lakini hawakujibu.

Dumo alicheka mpaka akashika ukuta. Afande Sule, akasema, hata friji imekukataa.

Tukaenda kwa ile ya madirishani. Hiyo ina adabu. Iliamka na mlio mtamu, ikaonyesha kichwa kidogo kinachocheka. Na mbele yake wamechora tunda. Wazee wakainama kuangalia. Tunda hilo limeng'atwa upande mmoja! Dumo akaruka: mmeona, wanatupa makombo, mutu amekwisha kula!

Hapo Mungu aliniletea neno. Nikawauliza wazee: kwetu, mgeni akija, ukimpa kibuyu, nani anakunywa kwanza? Wakasema mwenye nyumba, mgeni aone hakina sumu. Nikauliza: na ukipewa kitu ambacho hakuna mutu ameonja? Wakasema unakiweka chini, unaaga. Nikaonyesha tunda. Basi wenye mashine hii wameonja mbele yetu! Na ile ya pembeni, nani ameionja? Geuzeni, tafuteni alama ya jino!

Wakaigeuza. Hakuna alama. Mzee mmoja wa kamati, mutu wa Kuluba, alirudi nyuma hatua moja.

Dumo akaacha kucheka. Akasema polepole, shemeji, mtoto anajua hii ya pembeni. Nilimwona kwa macho yangu siku nilipompelekea karanga. Nikamwambia karanga zimekuharibu macho, mtoto nilimfundisha mimi. Nilijua mtego wake. Anataka nichague vibaya, Poni akose kiti, aibu inishukie. Angelo akasema Ombaci ni karibu, aitwe Poni aonyeshe mwenyewe. Nikasema kwetu mtoto haitwi kuwaamulia wazee.

Tukapiga kura. Mikono ikagawanyika sawasawa. Wangu ukabaki, wa mwenyekiti.

Niliuinua kwa tunda. Nikamwangalia Dumo. Alikuwa ananiangalia kama mutu anayeona mtoto anakaribia moto.

Alhamisi, 14 Julai. Koboko.

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Angelo alileta kompyuta asubuhi, na jenereta. Poni alikuja naye. Nguo mpya ya kitenge, nywele zimesukwa. Alipiga magoti, akasalimu wazee mmoja mmoja. Wazee walifurahi. Mimi nilivimba kama chapati.

Akainuka. Akaona mashine. Akaniangalia mimi. Kisha akainama kuangalia nyuma ya mashine, kama labda kuna nyingine imejificha.

Angelo akamwambia afungue, aandike barua fupi. Poni akaketi. Akagusa hapa, akagusa pale. Mashine ikapiga kelele kama chura. Akaacha. Jasho likamtoka. Nilitaka kumsaidia. Nikasema kwa sauti ya mwalimu: madirisha, mwanangu, madirisha! Nikaamuru watu wabebe meza na kompyuta waisogeze karibu na dirisha la ofisi.

Waliisogeza. Ikawa vilevile.

Angelo akauliza, madirisha gani, mzee? Nikamwonyesha dirisha. Akaliangalia dirisha. Kisha akaeleza, kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kicheko. Madirisha si ya ukutani. Madirisha ni jina. Ile mashine ya pembeni, ukiipa amri moja sahihi, inafungua madirisha yake ndani ya kioo. Ndiyo Poni amesomea.

Nilimtafuta Dumo acheke. Alikuwa anaangalia sakafu. Ningependa angecheka.

Mzee wa Kuluba akasema, lakini mwenyekiti, si wewe ulimfundisha? Macho yote kwangu.

Poni akatoka kwenye kiti. Akapiga magoti tena, hapo kwenye vumbi, na nguo mpya. Akasema: baba alinifundisha vizuri. Mimi ndiye nimesahau.

Wazee wakaguna. Mmoja akasema, mwaka mzima wa masomo, na anasahau! Mwingine akasema wasichana wa siku hizi.

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Mdomo nilifungua, nakumbuka, kwa sababu nzi aliingia. Nikakohoa. Wakanipa maji.

Kiti amepewa Driwaru, msichana wa Arua. Anajua ile ya tunda.

Jumamosi, 16 Julai.

Poni anachuja asali nyuma ya ofisi. Amefunga gunia juu ya kitenge. Upande wa pili wa ukuta Driwaru anapiga herufi, ta ta ta ta. Poni akisikia, mkono wake unasimama kidogo. Kisha unaendelea. Nimepita pale mara nyingi leo. Kila mara ananiuliza, baba, nikuletee chai?

Kompyuta hailali kwangu. Angelo ameweka bati jipya ofisini. Kuku ametaga juu ya meza yangu.

Jioni Dumo alikuja. Matusi nilikuwa nimeyapanga tayari, mengine ya Kiarabu. Hakunipa nafasi. Aliketi, akakataa kiti kizuri. Akasema yeye kompyuta haijui, na hataki kuijua. Ingekuwa wanachagua mbuzi, angeinua mkono kwa mbuzi ambayo mtoto wa dada yake anajua kukamua. Basi. Hicho ndicho alichokuwa anapigania Arua. Akasema, shemeji, ulidhani napigana na wewe?

Nilidhani hivyo. Bado kidogo nadhani.

Akasema kuna kitu kibaya zaidi. Jina la msahaulifu limefika mpaka Arua. Ile mashine ya pembeni imebaki pale kwa mradi, na Angelo anatafuta mutu wa kuiendesha. Angemchukua Poni kesho, lakini anaogopa mutu anayesahau. Mutu mmoja tu anaweza kulisafisha jina hilo. Neno moja tu, akasema. Sema hukumfundisha. Ameniomba kwa jina la dada yake.

Nikaapa. Jumatatu nitakwenda.

Usiku nililia kidogo. Lilikuwa jicho la kushoto, ambalo ni gonjwa.

Jumatatu, 18 Julai. Arua, kisha Koboko.

Nilikwenda. Hilo liandikwe kwanza. Nilivaa kofia safi, nikafanya mazoezi ya neno langu juu ya lori: sikumfundisha, sikumfundisha. Abiria walidhani nasali, wakanipisha.

Angelo alikuwa na wageni, mabwana wawili wa Kampala wenye tai. Akanijulisha kwao kwa heshima. Huyu ni Mzee Sule, mwenyekiti, mutu wa kwanza Koboko kufundisha kompyuta. Labda alitania. Mabwana hawakutania. Walisimama! Walinipa mkono! Mmoja aliniita profesa.

Angelo akaniuliza mbele yao: mzee, niambie kweli, huyu Poni anasahau?

Neno lilikuwa hapa, nyuma ya ufizi. Mabwana wakaniangalia. Nikasema anasahau kidogo tu, lakini asiwe na wasiwasi, mimi namrekebisha, atakuwa tayari baada ya mvua.

Angelo akasema pole, yeye hawezi kungoja mvua. Atatafuta mwingine. Kisha akaomba shauri langu. Ushirika utapewa mashine ya kuchapa karatasi, na iko aina mbili. Moja inachoma karatasi kwa sindano, inapiga makelele. Nyingine inanyunyiza wino, haina sauti. Driwaru angependa ipi? Nikasema Driwaru hana haja ya kuulizwa. Ya sindano. Kitu kisicho na sauti hakifanyi kazi.

Nimerudi. Poni alikuwa amenipashia maji ya kuoga. Akaniuliza, bila kuniangalia, kama nilimwona Angelo. Nikasema nilimwona. Akauliza kama nilimwambia. Nikasema nimemwambia yote, lakini amekwisha kupata mutu mwingine, wa Arua, unajua watu wa Arua wanapeana wao kwa wao.

Akapiga magoti. Akasema asante, baba, kwa kujaribu.

Maji yalikuwa ya moto sana. Nilikaa nayo mpaka yakapoa.

Haya yote niliyoandika ni kweli, wala sikuongeza. Anayebisha asimwulize Dumo, yeye ana chuki. Hajara anapenda maneno. Amwulize Mariam Poni mwenyewe. Atapiga magoti, na atasema baba hakukosea.