Mpwa Wangu, Uuguzi na Mwezi Mpevu

Jumanne, 2 Septemba

Yusra anataka kuwa muuguzi. Kasema leo tukinywa uji, kama mtu anayeomba asogezewe sukari. Huyu ni binti wa marehemu dada yangu. Mimi na mke wangu Saumu tumemlea tangu hajaota meno. Anafanya kazi kutwa mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki hapa Ujiji, anaanika dagaa wa Mama Honorata, mwenye mitumbwi. Kazi haachi. Atasoma huku akifanya kazi. Saumu kauliza, vipi? Nikasema hilo niachiwe mimi. Wakatazamana. Kwa faraja, nadhani.

Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu. Hakuna njia nisiyoweza kuichora.

Jioni, barazani. Jirani yangu Selestini, tabibu mstaafu, kashasikia yote (ukuta wetu ni mmoja). Kasema chuo kule mjini kina darasa la jioni, binti aombe hilo, basi. Darasa la jioni! Nikamwambia hilo hata kuku angeliona. Kajibu ndiyo uzuri wake, Mwalimu, huenda hata wewe ukaliona.

Simsemeshi wiki hii.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata! Naeleza taratibu, ili nikija kusoma tena nielewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima ni jeupe, dagaa hawaoni sababu ya kuifuata taa, mitumbwi hulala ufukweni na waanikaji hupumzika. Kwa hiyo Yusra ajiunge na darasa la mchana, lakini kwa kufuata mwezi. Giza, kazi. Mbalamwezi, chuo. Ratiba iko mbinguni, haihitaji hata kubandikwa ukutani!

Kumbe alishatuma maombi chuoni, na usaili wake ulikuwa kesho. Nimempigia simu Mkuu wa Chuo, Mama Diana, mtu wa Iringa, nikaomba usogezwe hadi Jumatatu. Jumapili mwezi unajaa, Jumatatu mwaloni hakutakuwa na dagaa hata wa paka. Nikamweleza kwamba mpwa wangu huenda na mwezi. Ukiwa mkubwa, kazi haiwezi. Kisha kauliza, kwa upole sana, kama binti hutokwa na povu. Nikasema hapana, jasho tu. Kasema pole, Mzee. Kasogeza. Ila kaonya: Jumatatu ndiyo mwisho, hadi saa sita mchana. Asipotokea, nafasi anapewa mwingine, na yeye ajaribu mwakani.

Mwanamke muungwana.

Yusra kapokea habari vibaya kidogo. Kasema, lakini Mjomba, usaili wa kesho nilishauombea ruhusa! Wema, anayeanika naye, alishakubali kumshikia kazi. Tena aliomba darasa la jioni mwenyewe: alasiri dagaa wameshaanuliwa, anaoga, anapanda mjini. Nikamwambia asiogope. Saumu kaenda kulala.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi. Pilau. Selestini, Mkristo mzima, kala kunishinda. Kisha kauliza kwa sauti ya mnada: mwezi ukifunikwa na wingu, Yusra ataitwa kazini huku sindano imo mkononi? Watu wakacheka. Hata imamu! Nikaeleza habari za mawingu ya Septemba. Nikachora mchangani. Wote wakakumbuka kwamba hawajanawa mikono.

Yusra kashinda mkekani na kitabu cha baiolojia. Nikamsaidia kwa kumweleza mwezi. Kahamia jikoni.

Jumapili, 7 Septemba

Balaa! Redio imetangaza kupatwa kwa mwezi. Leo! Wa kwetu, uleule niliouwekea miadi!

Nijitetee hapa. Kupatwa kwa mwezi nimefundisha miaka yote. Dunia hukaa katikati, kivuli chake huuangukia mwezi. Nilifundisha sababu. Tarehe hazikuwa kwenye mtaala.

Mwezi ulichomoza nyuma ya milima, haujatulia ukaanza kumegwa. Baada ya Isha tukasimama kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Wengine waliomba maghufira. Mimi niliomba urudi upesi. Katikati ya sijda nikasikia injini zinanguruma ufukweni. Tulipotoka, mwezi mwekundu kama kutu, na ziwani taa zinawaka. Mitumbwi ya Mama Honorata peke yake. Naye ana redio.

Jumatatu, 8 Septemba

Dagaa tele! Mwalo mzima umelala isipokuwa kwa Mama Honorata, na dagaa wabichi hawangoji mtu. Kasema haondoki mtu mpaka beseni la mwisho litandazwe, Wema peke yake hatoshi. Kisha kanigeukia. Kasema kasikia nilipanga na mwezi. Yeye kapanga na giza, tena pole sana, Mwalimu.

Yusra hakulia. Alitandaza tu, haraka haraka, macho mekundu. Wala hakuniamkia. Mtoto huyu huniamkia hata akiwa na homa. Ndipo nikaona: mwaka wake mzima umo hatarini, na mimi ndiye niliyeuweka humo. Nikakaa mchangani.

Dakika moja. Kisha nikapata mpango mwingine!

Nikaenda chuoni kumshikia nafasi. Nikakaa kwenye benchi katikati ya wasichana. Shikamoo zikanichosha. Mmoja kauliza, babu, nawe unaombea darasa gani? Jina la Yusra likaitwa. Nikaingia. Wasaili watatu mezani. Nikawaambia mwombaji kazuiwa na kupatwa kwa mwezi, na kwamba nitaeleza.

Nikaeleza. Kikombe cha Mama Diana kikawa jua, miwani yake dunia, kizibo cha kalamu mwezi. Nilipofika kwenye kivuli hafifu, msaili wa kushoto alikuwa anatazama dirisha kama mfungwa. Mama Diana kasema ahsante, Mzee. Nikasema bado. Kasema ahsante tena.

Saa sita inakaribia, mlango ukafunguka. Yusra! Magamba hadi viwikoni, harufu ya mwalo mzima imeingia naye. Beseni la mwisho lilishatandazwa, kaletwa na pikipiki ya Selestini (Selestini!). Mama Diana alisimama kumpokea kama mgonjwa aliyeletewa dawa. Mimi nikasindikizwa nje kwa heshima.

Nilisikiliza dirishani. Aliulizwa darasa gani. La jioni. Kwa nini haachi kazi? Kajibu kazi ndiyo itakayomsomesha, na kusimama tangu alfajiri, kunuka na kugombezwa ameshazoea, wodini atakuwa kama nyumbani. Kisha Mama Diana kauliza, kwa upole uleule, kuhusu ule ugonjwa wa mwezi. Yusra kauliza, ugonjwa gani, mama? Mama Diana kamsimulia ile simu yangu. Halafu kicheko, wote wanne. Cha muda mrefu.

Sijui kilichowachekesha.

Jumatano, 10 Septemba

Kapata! Darasa la jioni. Saumu kapiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Selestini kakaa barazani anapokea pongezi kama yeye ndiye aliyejifungua. Nikawaeleza watu kwamba bila somo langu wasaili wangeshaondoka mapema. Wakamgeukia Selestini tena. Ukweli mara nyingi hauna wapenzi.

Usiku Yusra kanishika mikono yote miwili. Ahsante, Mjomba. Kuanzia leo niombee dua tu. Dua, basi. Nimemwelewa: hataki nichoke, nguvu zangu ziwafae na wengine.

Na wengine wapo. Nimemsikia Wema jikoni akimnong'oneza Yusra kwamba naye moyo unampeleka kwenye uuguzi, ila asiambiwe mtu bado, hasahasa Mwalimu. Unyenyekevu ulioje! Binti kama huyu haombi, anatazamwa tu usoni.

Nimempigia Mama Diana. Simu yangu haiingii kwake tangu jana. Mtandao wa huku!

Nimeazima ya Saumu. Inaita.