Kuachwa na Duka la Magodoro

Ndugu Meneja,

Natumaini u mzima na biashara inakwenda. Mimi ni fundi wa friji na mteja wako, au niseme nilikuwa mteja wako hadi mwezi uliopita mliponiacha. Naandika kwa heshima zote, ingawa nyumbani kwangu mambo si shwari, na chanzo ni ofisi yako.

Niliponunua godoro kwenu, binti wa kaunta aliniomba anwani ya barua pepe. Nilimpa kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kuniomba kitu hicho. Watu huniomba gesi ya friji. Tangu hapo mkawa mnaniandikia kila wiki: mito, mashuka, foronya. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmenituhumu kwamba sifungui barua zenu. Ni kweli sifungui, lakini ni kwa sababu nazielewa. Kichwa cha barua kikisema "Mito imeshuka bei", ndani kutakuwa na nini tena zaidi ya mito? Kutofungua kwangu kulikuwa ni imani.

2. Badala ya kuniuliza kistaarabu, mlimtuma mtu anayejiita Dada Laini aniandikie: "Mbona umetunyamazia? Bado unatutaka?" Chini yake vitufe viwili: "Ndiyo, bado nawataka" na "Hapana, tuachane". Ndugu Meneja, barua hiyo iliingia simu yangu ikiwa mkononi mwa mke wangu, anatazama picha za mjukuu. Akauliza, "Huyu Dada Laini ni nani?" Nikajibu, "Wa magodoro." Sasa najua lilikuwa jibu baya.

3. Mlinipa wiki moja nijibu. Ningebonyeza kipi? "Ndiyo", mke wangu akiwa pembeni? "Hapana", nikose punguzo? Nikaona busara ni kukaa kimya, maana mengi katika ndoa yangu yametulia kwa njia hiyo. Mkaandika tena: "Hatupendi kukulazimisha. Tumekuondoa. Mlango uko wazi." Mke wangu akaisoma hiyo pia. Akasema, "Hata huko umeachwa!" akacheka kicheko ambacho sikukipenda. Jumamosi nilirudi kutoka karakana nikakuta kabati liko wazi, begi halipo. Jirani akanijulisha kwamba mama yuko kwa dada yake. Sijampigia simu, kwa kuwa anayepiga wa kwanza ndiye huonekana mwenye makosa.

4. Nilikuja dukani kudai haki yangu. Mtaalamu wenu wa kompyuta, mama mmoja mpole mwenye miwani, alinikalisha akanieleza. Alisema mkiendelea kuwaandikia watu wasiofungua, pamoja na anwani zilizokufa na zilizokosewa herufi, kampuni zinazopokea barua pepe huwaona ninyi wasumbufu, na mwishowe hata barua za wanaozisubiri kwa hamu hutupwa kwenye kapu la taka. Ndiyo maana husafisha orodha. Nikamwambia, "Mama, hata mimi husafisha friji. Ninachotoa ni vumbi. Kwa hiyo mimi ni vumbi?" Akasema, "Si vumbi, baba. Wewe uko kimya tu." Kisha akaniletea maji ya kunywa, jambo ambalo lilinivunja nguvu ya kugomba.

5. Nilipotaka kuonana na Dada Laini ana kwa ana, nilionyeshwa mwanamume mwenye ndevu, amekaa juu ya marobota ya sponji, anakula ndizi. Alinipungia mkono kama tunafahamiana!

Kwa hayo, naomba nirudishwe kwenye orodha. Mke wangu, dada yake na mume wa dada yake nao waingizwe, waachwe wanyamaze mpaka nao waulizwe kama bado wanawataka, ili ijulikane kwamba swali hilo mnamwuliza kila mtu. Mwenye ndevu aende huko kwa shemeji yangu akiwa na sare, ajitambulishe kwa jina lake la kazi, na anikane hadharani. Nipewe pia cheti chenye mhuri kwamba kati yangu na duka hakukuwa na kitu zaidi ya godoro. Kama cheti ni kigumu, basi futeni barua pepe zote na mrudi kwenye kipaza sauti cha mlangoni, ambacho hakijawahi kumtenganisha mtu na mkewe.

Nisalimie wote hapo: binti wa kaunta, mlinzi, wabeba magodoro, na yule mama wa miwani. Mwenye ndevu msalimie pia, ila kwa mbali.

Ni mimi, niliyeondolewa bila kosa,
Fundi wa Friji

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mke wangu amerudi. Amesoma barua hii yote akiwa amesimama, begi bado begani. Kumbe yeye yumo kwenye orodha yenu siku zote, hufungua kila barua ya Dada Laini, na foronya tulizonazo alizipatia humo; aliponiuliza huyo ni nani, alikuwa ananipima tu. Alikwenda kumsaidia dada yake anayeumwa goti. Anasema aliniaga mezani mara mbili, na mara zote mbili nikaitikia "mm". Kwa hiyo msihangaike kunirudisha. Mama wa miwani alifanya kazi yake sawasawa. Mke wangu ameuliza mlinivumilia muda gani kabla ya kuniondoa. Nikamwambia mwaka mzima. Akasema, "Wana haraka hao. Mimi bado nasubiri."