Gari la Umeme la Denver na Kolache za Ardith

Jumatatu, 9 Machi

Kosa la watu wengi ni kununua gari karibu na nyumbani. Wanaingia duka la mjini kwao, wanapewa kahawa, wanalipa bei ya mjini kwao. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na sita hapa Nebraska na naweza kulieleza jambo hili kwa sentensi moja: kadiri muuzaji alivyo mbali, ndivyo bei inavyoshuka. Nimechora grafu.

Muuzaji wa Denver, jimbo la jirani, ana gari jipya la umeme la kukodi kwa miaka miwili. Kwa bei anayotaka, hapa kwetu huwezi kukodi hata mashine ya kukatia majani. Punguzo la mwisho ni kwa wanachama wa chama cha wafuga mbuzi wa Colorado. Nimejiunga kwa simu. Sina mbuzi. Hawakuuliza.

Lavonne, mke wangu, ameuliza jambo moja tu: na Jumamosi je? Jumamosi saa nane mchana dada yake Ardith anatimiza miaka themanini, kwenye nyumba ya wazee ya North Platte. Ardith amesahau mengi. Jina langu alilisahau mapema, jambo ambalo Lavonne anasema si dalili ya ugonjwa. Lakini kolache za mama yao, vile vimikate vya duara vyenye jamu ya plamu katikati, bado anazikumbuka. Mwaka jana Lavonne hakufika. Ulikuwa mwaka wa mpango wangu wa kupasha nyumba joto kwa punje za mahindi. Tusirudie hayo.

Nimemwahidi. North Platte iko njiani. Tunachukua gari Ijumaa asubuhi, jioni tuko kwa Ardith. Tunabaki na akiba ya usiku mzima na nusu siku.

Jumanne, 10 Machi

Nimeuza gari letu la petroli, lile la kahawia lililokuwa la marehemu baba mkwe. Mnunuzi ni Milo, mdogo wake Lavonne, shemeji yangu. Niliwahi kumfundisha. Alipata D.

Milo alilipa papo hapo, akaketi ndani, akashika usukani wa baba yake. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, sasa mkikwama mtapanda nini?" Nikamweleza kwamba gari la umeme lina vipuri vichache, kwa hiyo halina cha kukwamisha. Akamgeukia dada yake, akamwambia Jumamosi anaweza kumpitia, nafasi ipo na hita inafanya kazi. Nilimjibu kwa niaba ya Lavonne kwamba haina haja.

Lavonne alinitazama. Nilianza kufafanua habari ya hita. Akaingia jikoni kukanda unga kabla sijafika kwenye sehemu muhimu.

Alhamisi, 12 Machi. Denver

Tumefika kwa basi la kwaya ya kanisa. Saa tano za nyimbo. Nilimweleza mpiga kinanda kanuni za betri. Alihama kiti. Lavonne alipakata sinia la kolache njia nzima, limefunikwa kitambaa cheupe. Kolache ishirini na nne. Nimeomba moja. Nimenyimwa.

Ijumaa, 13 Machi. Jioni. Kambini

Niandike kwa utaratibu.

Muuzaji ni kijana aitwaye Trent, mpole, meno mengi. Alitazama kadi yangu ya chama akaniuliza mbuzi wangu ni wa aina gani. Nikasema wa kawaida. Akapiga muhuri.

Gari linakwenda maili mia mbili na arobaini kwa chaji moja. Safari ni maili mia mbili na sitini na tano. Trent alinisihi: mzee, leo upepo unakuja usoni na ni baridi, hizo mia mbili na arobaini usizihesabu, simama vituo vya kuchaji haraka, dakika arobaini tu, unakunywa kahawa. Nikamshukuru. Nikamweleza upinzani wa hewa kwa dakika ishirini na tano. Nyuma yangu walipanga foleni, bila shaka kusikiliza.

Gari halikuja na waya mkubwa wa kuchajia. Unauzwa peke yake. Nimeukataa. Nimechukua waya mdogo wa soketi ya nyumbani, wa bure.

Kituo cha kwanza cha kuchaji haraka tulikipita. Niliona bei. Ni mara tatu ya umeme wa nyumbani kwangu, kwa umeme uleule. Lavonne akasema, Orville, simama. Nikamwambia nina njia ya kisayansi. Nikazima hita. Akajifunika blanketi, akaweka sinia juu ya blanketi, akawa kama meza.

Kisha likatokea lori la marobota ya nyasi kavu. Jambo zuri sana kwa mtu anayejua fizikia. Ukilifuata kwa nyuma, lori linakupasulia upepo na betri yako inapumzika. Nililifuata saa nzima. Maili zilipungua polepole, nikawa ninazisoma kwa sauti. Lavonne aliniambia mara tatu kwamba kibao cha North Platte kimeelekea kwingine. Nikamwomba asinipotezee umakini.

Lori likaingia kwenye zizi la ng'ombe. Nami nikaingia.

Dereva, mtu mnene aitwaye Gus, aliteremka akaniuliza nimekuja kununua nyasi au kukagua. Lavonne alicheka. Hakuwa amecheka tangu Denver, lakini si kicheko nilichokipenda.

Hali ilivyo: betri ina maili kumi na nne. Ardith yuko maili tisini na mbili. Gus alituelekeza kambi ya watalii iliyo karibu. Mwenye kambi ni Bi Peg, mjane mwenye masharti. Sharti la kwanza: soketi ni ya wapiga kambi, bila hema hakuna umeme. Ametuazima hema. Sharti la pili: hema moja, soketi moja, chombo kimoja.

Bi Peg ana hita ndogo. Kwa hiyo ni hita au gari. Nilimweleza Lavonne kwamba binadamu akipigwa na baridi hutetemeka akapata joto, lakini betri maskini haijui kutetemeka. Akachukua sinia lake akaenda kulala ofisini kwa Bi Peg. Nimewasikia huko wakicheza karata.

Hesabu: waya mdogo unaleta maili nne kwa saa. Kesho asubuhi nitakuwa na za kutosha, au karibu na kutosha.

Jumamosi, 14 Machi. Asubuhi

Maili ishirini na tatu.

Nimesoma kitabu cha gari. Kwenye baridi kali, gari hutumia umeme wa waya mdogo kujipasha joto lenyewe kwanza. Yaani usiku kucha nililala kwenye hema nikilipasha gari joto. Nilimweleza Lavonne. Akasema basi ni vizuri, angalau kuna mtu amelala vyema.

Bi Peg anasema kuna kituo cha kuchaji haraka barabara kuu, maili kumi na tisa. Ninazo ishirini na tatu. Ni saa mbili. Nikiondoka sasa, nikichaji dakika arobaini, saa sita tuko kwa Ardith na kolache ziko salama. Lavonne amesimama mlangoni na koti lake, sinia mkononi, anangoja niseme neno.

Lakini ile bei. Na tayari nimelipia soketi hii hadi kesho. Nimeomba karatasi nipige hesabu.

Jumamosi, baadaye

Nilikuwa ukurasa wa tatu wa hesabu lilipoingia kambini gari la kahawia.

Milo. Kanyoa ndevu, kavaa kofia ya kanisani. Kumbe Lavonne alimpigia simu jana jioni, kati ya karata. Milo alizunguka gari langu, akalitazama hema, akaufuata ule waya kwa macho hadi kwenye soketi. "Mwalimu," akasema, "na mimi ndiye niliyepata D?"

Nikamwambia shemeji, onyesha heshima. Akavua kofia.

Nilimwambia Lavonne zimebaki kurasa mbili. Alinifunga skafu yake shingoni, vizuri tu, kama unavyomfunga mtoto. "Baki na mgonjwa wako, Orville. Mimi Ardith hatanisubiri mwaka mwingine." Akaingia kwenye gari la baba yake. Hita ilikuwa inanguruma, niliisikia kutoka nje. Kiti cha nyuma kilikuwa tupu. Hakuna aliyenizuia kupanda. Lakini mtu hawezi kuacha soketi aliyokwisha kuilipia.

Ameniachia kolache moja juu ya boneti. Imeganda.

Jumapili, 15 Machi

Maili thelathini na moja. Mwelekeo ni mzuri. Bi Peg amenifunga karata mara sita.

Jumatatu, 16 Machi. Nyumbani

Nimefika. Betri haikupungua hata maili moja, kutoka kambini hadi mlangoni kwangu. Naandika hili kama mafanikio.

Gus alikuwa anapita kwetu na lori tupu. Alilipandisha gari mgongoni mwa lori akalifunga kwa minyororo. Likiwa juu kule halitumii umeme hata kidogo. Ndiyo njia yenye ufanisi mkubwa kuliko zote nilizojaribu. Milo alikuwa amekaa barazani kwangu tulipofika. Alipiga makofi polepole.

Lavonne amenisimulia. Walifika saa tano na nusu. Ardith hakumtambua, akamwita muuguzi, akauliza saa ya dawa. Kisha akaonja kolache. Akatafuna, akasema: "Vonnie, safari hii umetia plamu nyingi." Vonnie ni jina la utotoni. Hakuwa amelitamka kwa miaka miwili. Walikaa wameshikana mikono hadi jioni.

Baadaye Ardith akauliza, yule mwalimu yuko wapi. Lavonne akamjibu amepiga kambi, anapiga hesabu. Ardith akasema: "Bado?"

Niliposikia hayo niliinuka. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara moja.

Milo amemrudishia Lavonne gari la kahawia, limeandikishwa kwa jina lake Lavonne, na ufunguo Lavonne anautundika shingoni. Kila Alhamisi atakwenda kwa Ardith. Mimi naruhusiwa kiti cha nyuma, bila kufafanua chochote.

Jumanne, 17 Machi

Jarida la wafuga mbuzi limefika. Ukurasa wa mwisho, kwa wanachama tu: gari la umeme, Boise, jimbo la Idaho. Boise ni mbali zaidi ya Denver, kwa hiyo punguzo ni kubwa zaidi. Grafu yangu ilitabiri hivyo hivyo.

Nimelitafakari kosa langu kwa utulivu, kama nilivyowafundisha wanafunzi. Lori la Gus lilinipasulia upepo vizuri, ila lilikuwa na safari yake. Kosa langu lilikuwa kuchukua gari moja. Ukiwa na mawili, la mbele linalipasulia la nyuma upepo na yote mawili yanakwenda unakotaka wewe. Lavonne ataendesha la mbele. Bado sijamwambia.

Ametoka kununua plamu, atarudi saa kumi. Nimpigie muuzaji wa Boise leo, kabla ya saa kumi.