Klorini Si Thelathini na Sita

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekabidhiwa kemia. Mimi, Yeremia, mwalimu wa historia miaka kumi na mmoja. Selestina Okwach, mwalimu wetu wa kemia, kaenda semina Musoma mpaka Jumatano. Mkuu wa shule, Mama Bernadeta, akauliza kikaoni nani atamshikia kidato cha pili. Wote wakainamia daftari zao. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

Sababu ninayo. Nafasi ya mwalimu wa taaluma iko wazi, na Ijumaa wathibiti ubora wanakuja. Ngosha wa jiografia naye anaitaka. Leo alichelewa kikao. Anatokea Kigongo, ng'ambo ya ziwa, zamani alisingizia kivuko, sasa daraja lipo na hana pa kujificha.

Jioni niliingia maabara. Ukutani kuna jedwali la elementi zote. Selestina alilichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta, likizo nzima, kasimama juu ya stuli. Herufi zimenyooka kama zimetoka kiwandani. Nililitazama robo saa. Shule yetu haistahili mtu wa namna hii.

Jumanne, 12 Agosti
Kipindi cha kwanza. Nilieleza atomi: katikati kiini, ndani yake protoni na nyutroni, nje elektroni. Notsi za Selestina zilikuwa magotini pangu. Nikafika kwenye isotopu: atomi za elementi moja, uzito mbalimbali. Klorini ina aina mbili, ya 35 na ya 37.

Hellen wa dawati la mbele, anayeuliza maswali kama wakili, alitaka kujua wastani. Nikajumlisha, nikagawa kwa mbili. 36. Akanyoosha kidole ukutani: 35.5. Nikasema nitalifanyia utafiti.

Nimerudia hesabu mara tisa. 36. Kitabu nacho kinasema 35.5, kwa hiyo hapo ndipo Selestina alipopotoshwa. Kazi nzuri vile, kuharibiwa na nusu. Inabidi mtu amwokoe kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 13 Agosti
Nimenunua kopo dogo la rangi nyeusi hapa Busisi. Baada ya vipindi nikapanda stuli na kusahihisha. Sita yangu imetoka kama kichwa cha kambale, na rangi imechuruzika hadi kwa bromini, jirani wa chini. Lakini jibu ni sahihi.

Kisha nikaiandikia barua ofisi ya elimu ya wilaya, kuwajulisha kosa la kitabu. Chini ya jina langu nikaandika "mgunduzi". Mkuu anakwenda Sengerema kesho, nikamkabidhi. Aliisoma mara mbili, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimerudia mara tisa. Akasema haya.

Alhamisi, 14 Agosti
Selestina karudi. Aliutazama ukuta muda mrefu. Nikasubiri shukrani. Hakuuliza ni nani. Aliniomba tu niingie naye darasani, nimsaidie kuhesabu.

Alikuja na sahani nne, mahindi na maharage. Wanafunzi wakacheka, wakidhani tunapika makande. Alinipa kazi ya kuweka punje kumi na saba za mahindi kwenye kila sahani. Hizo ndizo protoni. Maharage yakawa nyutroni, na kila punje, hindi au haragwe, akasema tuihesabu uzito wa moja.

"Mahindi ndiyo yanayotaja jina," alisema. "Yakiwa kumi na saba, hiyo ni klorini, hata maharage yakizidi."

Sahani ya kwanza ikapata maharage kumi na nane: 35. Nyingine ikapata ishirini: 37. Nikamkonyeza Hellen. Tuko pazuri.

"Sasa, Mwalimu," Selestina akaniambia, kwa upole kabisa, "hizi aina mbili hazilingani kwa wingi. Ukichota atomi nne za klorini, karibu tatu zitakuwa za 35. Ya 37 ni moja."

Zile sahani mbili zilizobaki akazijaza maharage kumi na nane kila moja. Tukajumlisha zote nne: 142. Tukagawa kwa nne. Hellen alitaja jibu kabla yangu.

Kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona, yeye kakiweka mezani kwenye sahani za bati. Nilifurahi hata nikasahau kuona aibu. Kisha nikaikumbuka barua.

Nilichukua bodaboda mpaka Sengerema. Mkuu alikuwa anatoka ofisi ya elimu. Nikakiri yote palepale barabarani. Akafungua mkoba, bahasha ilikuwa humo. Kumbe jana alimtumia Selestina picha ya barua kwa simu, na Selestina akamwomba aizuie.

"Alisema mtu wa historia anayerudia hesabu mara tisa kwa ajili ya nusu, nisimvunje moyo," Mkuu akaniambia. "Alisema umekosa kipande kimoja tu, atakupa mwenyewe."

Ilibidi nijifanye natazama magari kwa muda.

Ijumaa, 15 Agosti
Alfajiri tulisugua ukuta kwa tina ya kuyeyusha rangi, mimi juu ya stuli, Selestina kaishikilia. Kisha akapanda yeye, akaiandika 35.5 upya.

Mthibiti alimuuliza Hellen maana ya ile nusu. Hellen akaomba maharage. Yule bwana aliandika muda mrefu, kisha akauliza somo lilikuwa la nani. Selestina akasema la kwake na la Mwalimu Yeremia.

Nafasi ya taaluma kapewa Selestina. Nimepiga makofi kuliko wote, na si kwa unafiki. Ngosha alipiga mara mbili.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimenakili kila alichofundisha: mahindi hutaja jina na kupanga nafasi kwenye jedwali, maharage huongeza uzito tu. Sitasahau maisha.

Nikawa napitia jedwali la kitabu kwa raha zangu. Argoni ni 39.9. Baada yake potasiamu, 39.1. Mzito kakaa mbele ya mwepesi. Na ukutani ni hivyohivyo, nakumbuka. Hapa hakuna kugawa wala wastani, ni foleni tu, na watu wawili wamekosea viti.

Nisimsumbue Selestina, ana majukumu mapya. Nimemwandikia Mkuu ujumbe, kuomba ufunguo wa maabara. Kauliza wa nini. Nimejibu, usafi.