Miaka Minne Niliyojipunguzia

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Upepo na vumbi tangu asubuhi. Mitumba yangu yote imekuwa rangi moja. Nimeuza soksi jozi mbili na blauzi moja. Mwenye blauzi ameahidi kuirudisha.

Lakini leo ni siku kubwa! Thomas, mpiga taipureta wa karibu na mahakama, amenipa fomu. Waingereza wana viza ya likizo ya kazi: kijana anakwenda kwao miaka miwili, anatembea, anafanya kazi, anarudi. Kijana wa miaka kumi na saba hadi ishirini na saba. Mimi nina thelathini. Nilizaliwa wiki ya Muungano na mtaa mzima unalijua hilo. Bahati nzuri Waingereza hawakai mtaani kwetu.

Cheti cha kuzaliwa sina. Hapo ndipo pa kupenya! Thomas anasema hati ya kiapo inatosha. Mtu aliyenitangulia kuzaliwa aape mbele ya wakili kwamba nilizaliwa 1968. Shirika lilinipunguza kazi mwaka jana bila kuniuliza. Mimi najipunguza miaka minne tu.

Jumatano, 7 Septemba

Mama amekataa kuapa. Amesema uchungu wangu ulimshika siku mbili, na hawezi kuapa kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. Kisha akanikumbusha arusi ya Naima, kitinda mimba wetu, tarehe 18. Walii ni mimi. Baba siku zake za mwisho alinishika mkono akasema Naima nakuachia wewe, Swalihu, umwoze kwa mkono wako. Nimemwambia Mama sijasahau. Kweli sijasahau. Kanzu nimeshapiga pasi.

Mchana nikapata akili. Kama nilizaliwa 1968, basi Mbaruku, mdogo wangu wa 1966 mwenye cheti cha hospitali, ni kaka yangu mkubwa! Aape yeye! Nikaenda mbio Kizota anakochomelea mageti. Alivua miwani, akauliza mara mbili kama nina hakika. Alicheka mpaka mafundi wenzake wakaacha kazi.

Ameapa bila kupepesa macho. Wakili akagonga muhuri. Nina miaka ishirini na sita! Hata goti limeacha kuuma.

Ijumaa, 9 Septemba

Mbaruku anataka shikamoo. Anasema kiapo ni kiapo. Ana nakala mfukoni.

Leo nje ya msikiti, mbele za watu, alisimama akanisubiri. Nikaisema huku nakohoa. Akaomba nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia. Akaitikia marahaba kwa sauti ya mzee wa miaka themanini na kuniuliza kama nasoma kwa bidii.

Chakula cha mchana amechukua kidari cha kuku, ambacho ni changu tangu Baba afariki. Mimi nimepata shingo. Mama alitazama dirishani.

Habari njema: Thomas amepiga simu ubalozini. Nafika kwa mahojiano Alhamisi, Dar es Salaam.

Jumapili, 11 Septemba

Balaa! Mbaruku amepeleka nakala ya kiapo kwa Sheikh Harithi, atakayefungisha ndoa. Amemwambia kaka mkubwa ni yeye. Kumbe alikwenda kwa utani. Sheikh hana utani. Amechoka na ugomvi wa familia za watu, siku hizi anafuata karatasi. Amelifuta jina langu kwenye daftari na kumwandika Mbaruku.

Naima amelia jikoni. Amesema aliyembeba mgongoni kwenda madrasa mvua ikinyesha ni mimi. Amesema pia kwamba kama nataka utoto, gololi zinauzwa sokoni.

Nikitengua kiapo, viza imekwenda. Nikikiacha, nimemsaliti Baba. Roho inaniuma. Nimekaa juu ya marobota yangu saa nzima. Nimeamua kutoamua.

Alhamisi, 15 Septemba

Dar es Salaam. Jasho! Nimevaa koti zito la sufu kuonyesha nimejiandaa kwa baridi. Ndevu nimenyoa. Nikaita kila mtu anko, hata askari wa getini aliye mdogo kuliko Mbaruku.

Ofisa alikuwa mama wa Kizungu, mpole sana, anaongea Kiswahili cha kitabuni. Akauliza ningependa kutembelea wapi huko kwao. Nikaunusa mtego. Nikasema sitembelei popote. Nitafanya kazi mchana na usiku, Jumapili na sikukuu, na tangu nizaliwe sijawahi kuchukua likizo. Akauliza nina nani wa kunirudisha nyumbani. Nikamwomba asiwe na wasiwasi, sitawasumbua kwa safari za kurudi. Wakinipenda nakaa nao hadi uzeeni.

Akaandika kwa muda mrefu. Nikajua nimemkosha.

Kisha akanieleza taratibu kwamba viza hii ni ya mtu anayetaka kutembea, kufanya kazi kidogo na kurudi kwao. Mimi nimemwambia sitaki kutembea wala kurudi. Amekataa.

Na ile hati ya kiapo? Hata hakuikunjua! Muda wote nilikuwa naitazama pale mezani, nasubiri pingu. Akanirudishia kama nilivyoileta.

Nimekaa ukingoni mwa barabara nikashusha pumzi. Sikufungwa! Baridi ya watu sitaiona! Na sasa naweza kuwa na umri wangu. Nimecheka peke yangu mpaka muuza kashata akanipa moja bure, kwa huruma.

Jumapili, 18 Septemba

Nilifika juzi kwa treni. Kiapo nikamkabidhi Mama. Amekihifadhi mpaka leo, akawashia nacho moto wa pilau bila kukisoma. Lakini daftari la Sheikh lilikuwa bado na jina la Mbaruku. Sikuthubutu kumwomba Mbaruku kitu. Nilivaa kanzu, nikakaa mkekani nyuma kabisa, kama kijana wa miaka ishirini na sita.

Sheikh akamwita walii. Mbaruku akasimama. Nikainamisha kichwa.

Hakwenda mbele. Alikuja kwangu, akainama mbele ya watu wote, akasema shikamoo kaka. Kisha akamwambia Sheikh kwamba mkubwa wa nyumba hii ndiye huyu, aandike upya. Sheikh akauliza iko wapi karatasi. Wazee wote mkekani wakamjibu kwa pamoja kwamba huyu amezaliwa wiki ya Muungano!

Sheikh akafuta. Akaandika.

Nimemshika mkono Khamisi, bwana arusi kutoka Kolo, nikamwoza dada yangu bila kukosea neno. Ndani vigelegele. Nimelia, na Mbaruku amelia, ingawa anadai ni macho ya kuchomelea. Namshukuru Mungu. Sijawahi kujisikia mwepesi hivi.

Kidari nimepewa mimi. Nimemkatia nusu.

Jumanne, 20 Septemba

Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kupunguza.

Thomas amekuja na tangazo: Uarabuni wanataka walinzi, watu wazima tu, umri usiopungua miaka arobaini. Kuongeza! Hapo hakuna wa kuninyang'anya ukubwa. Mbaruku atabaki mdogo, tena mdogo mara mbili. Namwandalia nafasi ya kunisalimia kwa mikono yote miwili.

Nimepiga hesabu mapema safari hii, siyo kama ile ya kwanza. Nikizaliwa 1954, Mama atakuwa amenizaa akiwa na miaka tisa. Lazima naye aongezwe kumi. Mjomba Nurdini kule Mlali ndiye pekee aliyemtangulia, yeye ataapa.

Kesho namweleza Mama. Nasubiri kwanza amalize kupepeta mchele, asije akawa na ungo mkononi.