Jinsi Nilivyolima Ngoro Bila Kushika Jembe

Jumapili, 5 Machi 1995

Nimepata shamba! Mimi Dastan, karani wa ushirika mpaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga na sisi makarani tukaambiwa asanteni kwa utumishi wenu, sasa ni mkulima. Nilimvizia Mzee Isidori akitoka misa. Nikampa shikamoo tatu mfululizo. Akaitikia zote. Amenipa kipande chake cha mlimani, kimelala miaka mingi, majani yananipita kichwa. Sharti lake moja: ifikapo Jumapili ya Matawi kiwe kimelimwa ngoro na maharage yamo ardhini. La sivyo anampa Vitalis.

Vitalis ni jirani yangu. Msimu uliopita aliuza kahawa kwa bei ya soko huria, akanunua baiskeli na miwani ya jua. Miwani anaivaa hata kanisani.

Mke wangu Eliza hakushangilia. Amesema hili likishindikana tunarudi ziwani kwa kaka yake Erasmo, nikavute nyavu za usipa, dagaa wa kwetu. Anajua fika kwamba mimi, mzaliwa wa Nyasa, hutapika mtumbwi ukiwa bado umefungwa kwenye gogo.

Jumatatu, 6 Machi

Nimefyeka tangu asubuhi. Nimeacha. Malengelenge mikono yote miwili. Sehemu niliyosafisha inatosha mbuzi mmoja kulala, tena akijikunja. Vitalis alipita na baiskeli akipiga kengele. Njia nzima haikuwa na mtu, sijui alikuwa anampigia nani. Akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza humo majanini. Nikamjibu napima eneo.

Kumbe ngoro si mchezo. Kwanza wanaume wanafyeka. Majani yakikauka yanapangwa miraba miraba mlima mzima, halafu wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafukia. Mwisho wake mlima unakuwa na mashimo kama trei ya mayai. Mvua ikinyesha, maji yanatulia mashimoni na udongo hauendi popote. Wamatengo, wenyeji wa hapa, wanafanya hivi tangu enzi za mababu. Nikajiuliza: tangu enzi za mababu, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kiberiti?

Ijumaa, 10 Machi

Kiberiti hakifai.

Nilichukua mafuta ya taa ya Eliza, yote. Lakini majani ni mabichi na mvua haijakatika. Moto ukakataa. Moshi ukakubali, tena kwa moyo wote! Ukateremka mlimani taratibu, ukakutana na waumini wakiwa kwenye Njia ya Msalaba. Nilisikia wimbo unakatika katikati, kwaya nzima inakohoa.

Mzee Isidori alipanda mwenyewe mpaka shambani, macho mekundu. Hakunigombeza, na hapo ndipo paliponiuma. Aliniuliza tu, nikishachoma majani nitafukia nini. Akasema majani ndiyo chakula cha shamba, na anayeyachoma akalime mawe. Nyuma yake alisimama Vitalis. Miwani yake leo ilikuwa na kazi.

Jumamosi, 11 Machi

Nimepata ufumbuzi! Eliza amesikia kisimani kwamba wenyeji wana desturi inaitwa ngokela. Unaita watu, wanakulimia, unawapikia na kuwapa pombe. Basi! Mbona sikuambiwa mapema? Nimejitia malengelenge bure kabisa.

Nimekimbia kwa Mama Kunigunda, mpika pombe ya komoni. Sikuwa na kitu mkononi, nikamwekea redio yetu rehani. Eliza alianza kusema kuna jambo lingine kuhusu ngokela. Nikamkatiza. Maelezo mengi ndiyo yaliyoua ushirika. Enzi hizi ni za watu wa vitendo.

Jumamosi, 18 Machi

Wamekuja! Wanaume wa mtaa mzima, kila mmoja na panga lake. Hata Vitalis. Walifyeka wakiimba, mimi nikasimama kivulini nikiwatia moyo, na jua lilipofika utosini mlima ulikuwa mweupe. Nilishindwa kuamini. Nilitamani wakubwa zangu wa zamani wapite wanione.

Eliza akaleta ugali na usipa. Watu wakala vizuri. Nami nikachota komoni kwa madaha, bakuli la kwanza nikampelekea Mzee Isidori kwa mikono miwili. Akainua kiganja. Kwaresima! Wameacha pombe mpaka Pasaka, wote. Nilisahau kabisa. Sisi Waanglikana nasi tumo kwenye Kwaresima, mimi nimeacha nyama, lakini nyama yenyewe iliniacha siku niliyopunguzwa kazi.

Hakuna aliyeonja hata tone. Walishukuru kwa chakula wakaenda zao. Nikabaki na mapipa nikiona aibu. Mara moyo ukaruka. Kazi imefanyika, na pombe ipo! Jioni hiyohiyo nimeirudisha kwa Mama Kunigunda, ambaye ana wateja madereva wa malori wasiojua Kwaresima wala Majilio. Redio imerudi nyumbani. Nimeifungulia sauti mpaka Vitalis akafunga dirisha.

Eliza amesema tena kuna jambo. Nikamwambia asubiri taarifa ya habari iishe.

Jumamosi, 1 Aprili

Leo ndiyo siku ya wajinga, na mjinga wa mwaka huu ni Vitalis!

Katikati ya wiki wanaume walirudi wenyewe wakayapanga majani makavu. Sikuwaita. Leo wamekuja wanawake na majembe. Nao sikuwaita! Wamechimba, wamefukia, wamepanda maharage, Eliza akiwa katikati yao tangu alfajiri, matope mpaka magotini. Mimi nilipeleka maji ya kunywa. Mara mbili.

Mzee Isidori amekagua shimo kwa shimo. Kisha akanipa mkono. Shamba ni langu misimu mitatu! Nilitaka kucheza, nikacheza, pale pale juu ya tuta. Wanawake wakapiga vigelegele. Erasmo atafute mtu mwingine wa kumchafulia mtumbwi.

Jumapili, 2 Aprili

Hodi ya kwanza ilikuwa ya Vitalis. Amekuja kunikumbusha kwamba kesho ni kwake, palizi ya kahawa. Nikamwambia amekosea nyumba. Hodi ya pili, Placidi, fundi baiskeli: Jumatano kwake. Hodi ya tatu, Mama Tadea: Alhamisi, mahindi, na nisichelewe. Nilipochungulia nje niliona wengine wanapanda njia. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, mbio mpaka kwa Mzee Isidori.

Mzee alinikaribisha kiti. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Aliyekunywa pombe yako mmemalizana. Asiyekunywa anakudai siku. Mambo ya Kwaresima ni yake na Mungu wake, siku ni siku. Kwa hiyo waliofyeka wananidai. Waliopanga majani wananidai. Waliofukia nao wananidai. Mlima mzima unanidai! Tena akaongeza kwamba mtu asiyerudisha siku za watu hawezi kukaa na shamba katikati yao, na Vitalis yuko tayari kulichukua likiwa na maharage yake ndani.

Eliza alicheka mpaka akakaa chini. Hilo ndilo jambo lenyewe alilokuwa akitaka kuniambia.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimekwenda kwa Vitalis. Yeye amekaa juu ya baiskeli, ameegemea mgomba, anaelekeza kwa kidole. Nikapalilia kwa hasira, na hasira inasaidia sana. Nimeng'oa magugu mstari mzima bila kuinua kichwa. Vitalis akavua miwani. Sikuwahi kumwona hivyo. Kumbe ana macho mazuri tu, ila yalikuwa yanalengwalengwa na machozi, maana mstari ule ulikuwa wa miche yake mipya ya kahawa.

Amesema siku ya leo haihesabiwi. Nirudi tena, na siku nyingine moja ya kupanda upya.

Jumanne, 4 Aprili

Mgongo haukunjiki, na ukikunjika haunyooki. Lakini asubuhi nilijikokota mpaka shambani. Mvua ilinyesha usiku, kila shimo lina maji yake, udongo umetulia, hakuna kilichoporomoka. Nilisimama pale nikaona raha ambayo sikuwahi kuiona ofisini. Nalipenda shamba hili. Simwachii mvaa miwani, hata nife!

Nikiwa nimesimama hivyo, akili ikanifunguka. Kijiji cha Mbuji! Kule hakuna anayenijua. Naita ngokela Mbuji, watu wale wanakuja Mbinga na majembe yao, nawagawa: hawa kwa Vitalis, hawa kwa Placidi, hawa kwa Mama Tadea. Kwa siku moja madeni yote yamefutika! Nimeshapeleka redio kwa Mama Kunigunda.

Nilimweleza Eliza. Akaniuliza kwa upole kama nimekumbuka kwamba Pasaka bado. Nikamwambia hapo ndipo penye utamu wenyewe: hawatakunywa! Pombe inarudi nzima, redio inarudi nyumbani.

Akaingia ndani. Ameuliza basi la Mbamba Bay, kule ziwani kwa kaka yake, linaondoka saa ngapi. Bila shaka anafuata usipa wa kuwapikia watu wa Mbuji. Amekwisha kufunga sufuria, mikeka, hata koti langu la ofisini. Mke wangu akiamua kukusaidia, hafanyi nusunusu.