Tone Moja la Mafuta kwa Programu za Saa

Jumatatu, 3 Machi
Mkwe wangu ametangaza tena. Chumba cha mbele anakitaka kwa cherehani yake. Meza yangu ya kutengenezea saa iende stoo, na mimi niifuate. Nikamwambia meza hii imeponya saa za wakubwa yeye hajazaliwa. Akajibu ndiyo, Baba, lakini sasa inaponya vumbi. Tumepatana: ikifika Jumapili bila mteja hata mmoja aliyerudi, meza inatoka.

Sina wasiwasi. Mjukuu wangu anaandika programu za hizi saa mpya za kioo, zinazofanya kazi kama simu. Analalamika kwamba wanaoziandikia ni wachache, anayeanza akikwama hana wa kumuuliza, na wataalamu wanatoza bei ya kuua mtu. Saa ni saa. Nani anazijua kunishinda? Nimetundika kibao: MSAADA WA PROGRAMU ZA SAA KWA WANAOANZA. BEI YA KIKOMBE CHA CHAI.

Jumanne, 4 Machi
Mteja wa kwanza, kijana mwenye miwani. Programu yake ya kupima mapigo ya moyo inajikokota. Nikamuuliza mara ya mwisho ilitiwa mafuta lini. Akacheka, alidhani namtania. Alipoinamia kompyuta yake nikafungua saa mgongoni, nikatia tone. Moja tu. Kioo kikazima.

Akasema, "Mzee, hiyo ni ya kuazima."

Nikamwambia aache mafuta yakolee. Kaondoka bila kuaga. Vijana hawana subira.

Mkwe amepima chumba kwa utepe, huku anaimba.

Alhamisi, 6 Machi
Jino la nyuma limeamka. Shavu kama mpira. Mdomo haufunguki. Na hapo ndipo akaja binti mwenye mkoba mwekundu, kengele ya programu yake hailii. Sikuweza kumshauri kitu, nikaguna. Akaanza kunieleza kazi yake mstari kwa mstari, polepole, kama anaongea na babu yake kiziwi. Nikaguna tena. Katikati akajipiga paji la uso. Ngoja babu, akasema, hapa nimeiambia ilie kabla sijaiambia saa ngapi. Akarekebisha. Ikalia. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Hajui kwamba nilishatia tone kwenye mkanda wa saa yake, kimyakimya.

Ijumaa, 7 Machi
Wawili zaidi. Wameeleza, nimeguna, wamepona. Mikanda yote nimeipaka.

Mjukuu anasema siri ni kunyamaza kwangu. Mtu akieleza taratibu, eti, kosa lake analiona mwenyewe. Ana akili, mtoto yule. Mafuta tu ndiyo hajayasomea.

Jumapili, 9 Machi
Binti wa mkoba mwekundu amerudi, kaleta na rafiki. Nikaguna kwa wote. Mkwe alikuwa mlangoni, kasikia kila kitu. Akakunja utepe wake. Meza inabaki.

Akaniambia, "Umenishinda, Baba. Ila jino hilo usiling'oe."

Sikumwelewa. Wivu, labda.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeng'oa jino. Mdomo unafunguka kuliko zamani. Nimeongeza kwenye kibao: SASA NA MAELEZO MAREFU YA FUNDI MWENYEWE. Nimenunua chupa kubwa ya mafuta.

Kijana mwenye miwani naye amerudi, kasikia sifa zangu. Ana saa mpya kabisa. Alitaka kunieleza tatizo lake, nikamwambia anyamaze kwanza, anisikilize mimi, na saa aisogeze karibu.